Mungu Alimwacha Eliya Alale

Somo: 1 Wafalme 19:1-18

 

Fungua Biblia yako 1 Wafalme. Wengi wetu tunaipenda sura ya 18. Hiyo ndiyo tunayohubiri kwa kesha. Moto unashuka Karmeli, manabii 450 wa Baali wanaaibika mbele ya Israeli yote, mvua inarudi baada ya miaka ya ukame, na Eliya anajifunga kiuno anakimbia mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli. Tukifika hapo kanisa lote linasimama, mwenye kinanda naye anaingia. Lakini Biblia haikuishia hapo. Geuza ukurasa. Sura ya 19, aya ya nne, mtu yuleyule, nabii yuleyule, ameketi peke yake jangwani chini ya mti, na anamwomba Mungu afe.

Tusilipake rangi jambo hili. Eliya hakusema amechoka kidogo. Hakusema anataka likizo. Alisema imetosha, uhai wake uchukuliwe, kwa maana yeye si bora kuliko baba zake. Na alisema hayo akiwa katika maombi. Kuna watu hapa kanisani wameomba ombi hilo mwezi huu. Nasema mwezi huu, sisemi zamani. Wengine mmeliomba mkiwa mmevaa sare ya kwaya. Mnaimba, mnainua mikono, halafu mnarudi nyumbani mnafunga mlango na hamjui kesho mtaamkaje. Ujumbe wa leo ni wenu. Wengine wote vumilieni, nanyi mtapata chenu mbele kidogo.

Angalia vile alifika pale. Yezebeli ametuma ujumbe mmoja tu wa vitisho. Mtu aliyekabili manabii 450 bila woga anaangushwa na maneno ya mama mmoja! Mhubiri akitaka anaweza kumcheka Eliya hapo. Mimi simcheki, kwa sababu najua ule ujumbe haukuwa sababu yote. Alikuwa amebeba taifa zima miaka kadhaa. Alikuwa amejificha, amelishwa na kunguru, amekaa kwa mjane ugenini. Siku ya Karmeli alisimama kutwa nzima, halafu akakimbia mbio ndefu kwenye mvua. Mwili ulikuwa umeisha. Ndipo akatoroka Yezreeli mpaka Beer-sheba, na huo mwendo ni zaidi ya kutoka Meru mjini, upite Nkubu, upite Chuka, upite Runyenjes, mpaka ufike Embu. Kwa miguu. Akifika akamwacha mtumishi wake pale, akaendelea siku nzima jangwani peke yake.

Shika hilo la kumwacha mtumishi. Ugonjwa huu wa moyo hufanya hivyo. Kwanza unakutenga na watu, halafu ukishakuwa peke yako unakwambia, "Unaona? Uko peke yako."

UGONJWA WENYE MAJINA MENGI

Kiswahili cha vitabu kinauita sonona. Sisi hapa hatusemi hivyo. Tunasema, "Huyo ako na mawazo mengi." Tunasema ni presha. Tunasema amerogwa na watu wa kwao. Na sisi tuliookoka tuna jina letu baya kuliko yote: tunasema amerudi nyuma, imani yake imepungua.

Basi acha niseme wazi jinsi madaktari wanavyoutambua. Kuhuzunika ni jambo la kila mtu. Ukifiwa utalia, na shamba likikauka utakosa raha, hiyo si sonona. Lakini huzuni ikikaa karibu siku nzima, kila siku, kwa wiki mbili au zaidi. Ukipoteza hamu ya vitu ulivyokuwa unapenda. Usingizi ukitoroka, au ukalala mno na bado ukaamka umechoka. Chakula kikose ladha. Kazi ndogo kama kufua ionekane mlima. Ujione hufai na kila kosa la nyumba ni lako. Mawazo ya kufa yaanze kupita kichwani, hapo kuna ugonjwa. Si wote huja na dalili zote. Wengine hawalii kabisa. Wanaume wengi hawalii, wanakuwa wakali tu, au wanakunywa, au wanakuja nyumbani usiku wa manane wakati watoto wamelala ndio wasiulizwe chochote.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu zaidi ya milioni 280 ulimwenguni wanaishi na sonona. Inawapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na mama aliyejifungua ni mmoja wa wale walio hatarini. Mama mchanga, ukiwa hapa na mtoto mgongoni, na hujisikii kumpenda huyo mtoto jinsi watu wanavyosema mama anapaswa kusikia, na unaogopa kumwambia hata mama mkwe wako, nisikilize: hujalaaniwa. Ni ugonjwa unaojulikana na unatibiwa.

Na kwetu hapa una milango yake. Igembe watu wanakumbuka Juni 2014, Uingereza ilipopiga miraa marufuku. Mwezi Machi 2020 soko la Somalia nalo likafungwa, likafunguliwa tena Julai 2022. Miaka miwili na zaidi mtu anaangalia majani yanazeeka mtini, karo inadaiwa, mkopo wa sacco unadaiwa. Mei 2024 ikafika zamu ya ndugu zetu wa Mbeere, kaunti kadhaa za Pwani zilipotangaza kuzuia muguka. Serikali zinaongea biashara, lakini kuna baba mahali fulani ambaye bei ya jani ndiyo ilikuwa heshima yake nyumbani. Bei ikianguka, yeye naye anaanguka ndani, na hakuna mtu anayeona. Kisha wengine wanatafuna usiku kucha ndio wasahau. Jani linawanyima usingizi, likiisha mwilini linawaacha chini kuliko lilivyowakuta, na kesho yake wanatafuna tena. Sitazungumza leo kama miraa ni dhambi au si dhambi, hiyo vita niwachieni siku nyingine. Nasema tu kwamba mtu asiyelala hatapona moyo.

Kuna kijana amemaliza chuo, amerudi kwa mamake, mwaka wa nne huu anaulizwa kila Krismasi, "Bado hujapata kazi?" Kuna mama anaamka saa kumi za usiku kukamua, anachuma majani chai mpaka mikono inakufa ganzi, na bonasi ikija hajui imeenda wapi. Kuna shosho amezika watoto watatu na sasa analea wajukuu. Hao wote wanaitikia "Amina" kila Jumapili.

MUNGU ALIFANYA NINI KWANZA

Sasa rudi kwa Eliya. Amesema anataka kufa, halafu amelala. Ungekuwa wewe Mungu, ungefanya nini? Niwaambie kanisa letu lingefanya nini. Tungemwamsha. Tungemwambia, "Wewe nabii mzima, moto ulishuka juzi, unalia nini?" Tungemwekea mfungo wa siku tatu. Tungemuuliza kama ana dhambi iliyofichika. Mtu angemletea unabii.

Mungu alimwacha alale.

Kisha akatuma malaika. Na malaika hakuja na upanga wala na somo. Alikuja na chakula. Alimgusa. Usipite neno hilo haraka, soma aya ya tano: alimgusa. Mtu aliyekuwa peke yake jangwani bila hata kusalimiwa kwa mkono, Mungu alimgusa kwanza ndipo akamsemesha. Kulikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa, bado moto, na maji kando ya kichwa chake. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Na mbingu hazikukasirika eti huyu mtu analala mara ya pili! Malaika akarudi mara ya pili, akamgusa tena, akamwambia ale, kwa sababu mwendo ulio mbele yake ni mkubwa kuliko nguvu zake.

Hapo ndipo nataka ukae. Mungu alikubali kwamba mzigo ni mkubwa. Hakumwambia Eliya kwamba anajifanya. Hakumlinganisha na Musa. Hakumwambia kuna watu wana shida kuliko zake. Alisema kwa kinywa cha malaika: hii safari imekuzidi, basi kula. Usingizi, chakula, maji, mguso, na ukweli uliosemwa kwa upole. Hayo yote yalikuja kabla ya neno lolote kuhusu huduma. Mahubiri yalingoja siku arobaini, mpaka Horebu.

Na hata Horebu, Mungu alianza kwa swali, Eliya ana nini hapo. Eliya akamwaga yote: nimefanya bidii, wote wamekuacha, nimebaki mimi peke yangu. Ule upepo ukapita, na tetemeko, na moto, halafu ile sauti ya chini kabisa. Mungu akamuuliza swali lilelile mara ya pili. Na Eliya akajibu maneno yaleyale, karibu neno kwa neno! Ameona tetemeko, ameona moto, ameisikia sauti, na bado moyo wake unasema kitu kilekile. Mungu hakumkemea kwa kurudia. Ukiwa na mtu nyumbani mwenye huzuni hii, unajua vile wanavyorudia. Leo amekwambia, kesho anakwambia tena, hadithi ni ileile, na wewe unataka kusema, "Si hiyo tulimaliza?" Mungu aliisikiliza mara mbili.

Ndipo akampa kazi, na akampa mtu, Elisha mwana wa Shafati, wa kutembea naye. Na mwisho akamsahihisha ile hesabu yake: si kweli umebaki peke yako, nina watu elfu saba. Lakini ona mahali hesabu hiyo imewekwa. Mwisho. Hakumpigia mtu mwenye njaa hesabu.

JIHURUMIE KAMA MUNGU ALIVYOMHURUMIA

Sasa nakuja kwako mwenyewe, wewe uliye chini ya mretemu. Adui mkubwa ulio naye pale si Yezebeli. Ni ile sauti iliyo ndani ya kichwa chako. Inaanza asubuhi kabla hujatoka kitandani. "Wewe hufai. Wenzako wamejenga. Umeokoka miaka 12 na bado unalia kama mtoto. Watoto wako wangekuwa na mama mwingine wangekuwa wamefika mbali." Na unaikubali. Tena unaona kuikubali ni unyenyekevu. Unaona ukijitukana mbele za Mungu utampendeza.

Amri ya pili inatutaka tumpende jirani kwa kipimo kile tunachojipenda wenyewe. Sasa jiulize, ukimtendea jirani yako vile unavyojitendea, si atahama mtaa? Chukua mtoto wako wa miaka saba. Umemtuma apeleke maziwa kwa deri, njia ina matope, ameteleza, maziwa yamemwagika, goti limechubuka. Anarudi analia. Utamwambia, "Bora ungekufa"? Hata mzazi mkali hawezi. Utamwinua, utaosha lile goti, utampa uji, maziwa yatazungumzwa baadaye. Basi kwa nini wewe ukiteleza unajipiga ukiwa bado chini? Zaburi 103 inasema Mungu anajua tulivyoumbwa, anakumbuka sisi ni udongo. Yeye anakumbuka, ni wewe unayesahau.

Mtu ataniambia, "Pasta, hiyo si kujidekeza? Na dhambi je?" Swali zuri. Kuna tofauti kati ya Roho Mtakatifu anapokuonya na mshitaki anapokushitaki, na unaweza kuipima. Roho akikuonya anataja jambo: rudisha ile pesa, omba dada yako msamaha, acha huyo mtu. Unajua ni nini na unajua njia ya kutoka, na ukitubu mzigo unashuka. Mshitaki hataji jambo. Anakutaja wewe. Anasema wewe wote ni takataka, jana, leo na kesho, na hakuna mlango. Umetubu mara mia na mzigo haushuki, kwa sababu hakukuwa na jambo la kutubu. Hilo si la kutubia, ni la kukataliwa. Likija asubuhi, lijibu kwa sauti, hata kama unakamua: "Mungu hakumwambia Eliya hivyo, wala mimi haniambii."

Na siku nyingine hutaweza kujibu. Siku hiyo kula, kunywa maji, lala. Osha uso. Toka nje usimame kwa jua hata dakika kumi, tembea mpaka kwa lango urudi. Kama kuomba kumekushinda, taja jina la Yesu mara moja na unyamaze. Warumi 8 inasema Roho mwenyewe hutuombea tusipojua kuomba. Usiongeze mfungo juu ya njaa. Mtu ambaye tayari hali na halali, nasema hivi nikiwa mchungaji anayeamini kufunga, Mungu hakudai mfungo. Fuata mapishi ya malaika.

HOSPITALI SI KUKOSA IMANI

Najua kuna wengine mnataka niseme kuhusu mapepo. Mapepo yako, na jina la Yesu linayatoa, hatujabadilisha fundisho. Lakini soma Mathayo 4:24. Watu waliletewa Yesu wagonjwa wa kila namna, na mwandishi anawataja wenye pepo kivyao, na wenye kifafa kivyao, na waliopooza kivyao. Biblia yenyewe imetenganisha, kwa nini sisi tunachanganya? Na wote waliponywa na Yesu yuleyule. Paulo alimtibu Timotheo tumbo kwa divai kidogo, 1 Timotheo 5:23, na hakumwambia ni pepo la tumbo. (Aya hiyo isitumiwe vibaya jioni ya leo.)

Basi nenda hospitali. Anza na kituo cha afya kilicho karibu, mwambie mhudumu ukweli wote, usiseme tu kichwa kinauma. Hospitali zetu kubwa za kaunti, Meru na Embu, zina wahudumu wa afya ya akili. Ukipewa ushauri nasaha, rudi mpaka umalize. Ukipewa dawa, jua kwamba dawa hizi hazifanyi kazi kwa siku moja kama ya kichwa. Huchukua wiki kadhaa kabla hujaona tofauti, na wengi huacha wiki ya pili wakidhani zimeshindwa. Usiache bila daktari, na usiache kwa sababu umeombewa. Tunakuombea uwe mzima na dawa ikiwa mfukoni. Mtu yeyote akikuambia kwa jina la kanisa hili utupe dawa zako, mlete ofisini.

Mnaijua ile tenzi ya damu ya Imanweli tunayoiimba Pasaka? Aliyeiandika ni Mwingereza William Cowper, aliyezaliwa 1731. Huyu mtu alisumbuliwa na giza hili tangu ujana, mpaka akataka kujitoa uhai, akapelekwa katika nyumba ya wagonjwa wa akili. Daktari aliyemtunza alikuwa mtu wa Mungu. Na ni humo, katika nyumba ya wagonjwa, Cowper alipompokea Kristo. Baadaye giza likamrudia, akiwa ameokoka kabisa. Rafiki yake mchungaji John Newton akamchukua akae nyumbani kwake, akakaa miezi mingi. Cowper alikufa mwaka 1800, na miaka yake ya mwisho haikuwa ya raha. Sisemi hivyo kukuvunja moyo. Nasema kwa sababu kuna mtu hapa ameombewa mara nyingi na hajapona, na anadhani Mungu amemfuta. Wimbo wa mgonjwa huyo umewaleta wangapi msalabani? Hakufutwa.

SASA NINYI WENGINE

Hana alikuwa na huzuni ya miaka. Alikuwa hali, alikuwa analia, 1 Samweli 1. Mumewe Elkana alimpenda, lakini alimuuliza kama yeye si bora kuliko wana kumi. Mzee, hapo ulikosea swali! Halafu Hana akaenda hekaluni kumwaga moyo, na kuhani Eli akamtazama midomo inavyocheza bila sauti, akaamua huyu mama amelewa. Mtumishi wa Mungu, ndani ya nyumba ya Mungu, akasoma vibaya kabisa. Hana akalazimika kujieleza: sijalewa, nina uchungu moyoni. Kwa sifa ya Eli, alisikia, akabadilisha neno lake, akambariki. Na soma aya ya 18 polepole. Hana alikwenda akala, na uso wake haukuwa na huzuni tena. Samweli hajazaliwa. Mimba hata haijaingia. Ombi lilikuwa halijajibiwa kwa macho. Kilichokuwa kimebadilika ni kwamba alimwaga moyo mbele za Mungu, na kuna mtu mmoja aliyekubali kwamba hajalewa.

Kwa miaka mingi, nchi yetu hii ilikuwa na kifungu cha 226 katika sheria ya makosa ya jinai. Mtu akijaribu kujitoa uhai na akaokolewa, alihesabiwa mhalifu, na angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Unatoka kitandani hospitali unapelekwa seli. Januari 2025 Mahakama Kuu, Jaji Lawrence Mugambi, ikatangaza kifungu hicho kinapingana na Katiba. Wapendwa, ikiwa mahakama ya Kaisari imeona kwamba huyu mtu anahitaji daktari na si seli, kanisa lisiwe ndilo lililobaki na seli. Na tunazo. Kumwondoa mtu kwaya kwa sababu aliugua akili ni seli. Kumtaja kwa "hoja za maombi" ya kikundi mpaka soko lote la Gakoromone lijue ni seli. Kumnong'onia mchumba wake kwamba familia hiyo ina wazimu ni seli. Familia iliyompoteza mtu hivyo, na mazishi watu wanasimama mbali, wanaulizana kama wachungaji watakuja au la: tutakwenda. Hilo lisiulizwe tena hapa. Tutakwenda na tutamzika na tutakaa na mamake.

Ukiwa na mtu unayemhofia, muulize. Muulize waziwazi kama anafikiria kufa. Wengi wanaogopa kwamba ukiuliza utampa wazo. Humpi wazo, unampa nafasi ya kusema alichokuwa amekibeba peke yake. Akisema ndiyo, usimwache peke yake siku hiyo. Vitu vya hatari nyumbani vifungiwe, mtu mwingine akae na ufunguo. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, mimi nitakuja hata kama ni usiku. Shirika la Msalaba Mwekundu lina nambari 1199, kupiga ni bure, kuna mtu wa kuzungumza nawe. Iandikeni nyuma ya Biblia sasa hivi, mnisubiri muandike.

Na wanaume. Mmefundishwa kwamba ukishatahiriwa hulii tena. Nawaheshimu wazee walionifundisha hivyo hivyo. Lakini Mathayo 26:38 Bwana wetu, bustanini, aliwaambia wanafunzi watatu kwamba nafsi yake ina huzuni karibu ya kufa, na akawaomba wakae naye. Mwana wa Mungu aliomba wenzake wakae naye. Hakuona aibu. Walilala, ni kweli, lakini aliomba. Mzee, tafuta mmoja. Hata kama ni mwenzako wa bodaboda, hata kama ni shemeji. Mwambie maneno matatu tu: "Mimi siko sawa."

Leo sitaita mtu mbele. Najua tumezoea, na wahudumu wa madhabahu walikuwa tayari. Lakini kutembea kutoka kiti cha nyuma mpaka hapa ni safari kubwa kwa mtu wa mretemu, watu wote wakiangalia. Kaeni hapo mlipo. Mtu wa kulia kwako na wa kushoto, usimuulize chochote, msalimie kwa mkono na umshike kidogo. Tutaomba kwa sauti ya chini. Akina mama wa jikoni wameweka chai na nduma pale nyuma, na tukimaliza hakuna anayekimbizwa kutoka. Mimi na mama mchungaji tutakuwa kwa ile ofisi ndogo mpaka saa kumi na mbili, mlango wa upande wa shule ya Jumapili, mahali ambapo hakuna anayeona nani ameingia.